Dawa Niliyomnunulia Binti Yangu Bila Kumuuliza

Mwangaluka, ndugu zangu. Kaeni tu, msisimame.

Kiongozi wetu wa ibada amesema kila mzazi mwenye neno alitoe, na hii ni Jumapili ya nne nakaa pale nyuma karibu na mlango nikijiambia, wiki ijayo. Leo nimeona nikichelewa tena sitasema kabisa. Nitamzungumzia binti yangu. Jina lake silitaji, ingawa wengi mnamjua. Nilimuomba ruhusa kabla ya kuja. Akasema, "Sema baba, ila usinipambe." Basi sitampamba yeye, wala sitajipamba mimi.

Habari yenyewe ni ya chunusi. Naona vijana mnatabasamu. Tabasamuni tu, hata mimi nilidhani ni jambo la kucheka.

Mnanijua, nalima pamba, mpunga kidogo, na ng'ombe wangu wachache pale Ngulyati. Binti yangu ni mtoto wa pili kati ya watano. Alipokuwa kidato cha pili alianza kutoka vipele, na alipofika kidato cha tatu havikuwa vipele tena. Yalikuwa manundu magumu, yamejificha chini ya ngozi, mashavuni na kwenye taya. Likipona moja linaacha alama nyeusi, na pembeni yake linaota lingine. Tena ngozi yake ni kavu tangu utotoni. Kiangazi mashavu yalikuwa yanapasuka, mama yake anampaka mafuta kila asubuhi. Hilo nalijua kwa kuwa mama yake alikuwa akilisema. Mimi mwenyewe sikuwahi kumtazama mtoto yule kwa karibu.

Siku moja tuko kwenye kupima pamba, wanaume wenzangu wakaanza maneno. Mmoja akasema, binti akitoka vipele namna ile ujue ameshaanza wanaume. Hakunitaja, lakini wengine waliangalia chini. Nikarudi nyumbani nimewaka. Nikamkuta anachambua mchele uani.

Nikamuuliza, "Una mimba ya nani?"

Akashtuka, ungo ukamponyoka. "Baba, sina."

"Uso wako unasema unayo."

Nikamlazimisha mama yake ampeleke zahanati apimwe. Wakarudi na karatasi. Hana kitu. Mama yake akanipa ile karatasi, nikaisoma, nikaikunja, nikatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Neno samahani halikunitoka. Wazazi wenzangu, nawaambia, siku ile lilikuwa neno jepesi kabisa. Kila siku iliyopita likazidi kuwa zito, mpaka nikashindwa kulinyanyua.

Kwa kuwa niliona nimekosea, nikataka kurekebisha kwa njia ninayoijua mimi, ya kununua kitu. Jirani yangu alikuwa na binti wa umri ule ule, naye alikuwa na chunusi. Sasa yule ngozi yake ni ya mafuta. Ikifika saa nne asubuhi uso unang'aa kama umepakwa. Vipele vyake vilikuwa vidogo vidogo, na vidoa vyeusi puani. Alipelekwa duka la dawa mjini, akapewa sabuni na krimu ya kukausha chunusi, na baada ya miezi miwili uso ukatulia. Nikaomba ile tyubu iliyokwisha, nikaenda nayo Bariadi, nikaiweka mezani pale dukani. "Nipe kama hii."

Dada muuzaji akaiangalia, akaniuliza, "Mzee, ni ya nani? Ngozi yake ikoje, ya mafuta au kavu?"

Nikamjibu, "Dada, nimekuja kununua, sijaja kuhojiwa. Nipe."

Akanipa. Angefanyaje?

Binti akaanza kuipaka. Wiki ya kwanza uso ukawa mwekundu kwa ndani, wiki ya pili ukabanduka kama ganda la kitunguu. Akaja kwangu akasema, "Baba, inaunguza." Nikamwambia dawa ndivyo inavyofanya kazi, vumilia. Mama yake akashauri apunguze. Mimi nikasema aongeze, apake asubuhi na jioni. Ndugu zangu, ilifika mahali mtoto hawezi kucheka, kwa sababu akicheka pembe za mdomo zinachanika. Na yale manundu yalikuwa pale pale, chini ya ngozi iliyobanduka.

Kwa siri akaacha kuipaka. Shuleni, mwenzake akamtafutia krimu nyingine, kwenye kikopo kidogo kisicho na maandishi yoyote. Alichanganya nani, alichanganya nini, hakuna anayejua mpaka leo. Lakini ilifanya kazi! Wiki tatu tu, manundu yakalala, alama zikafifia, uso ukawa laini na mweupe kuliko shingo. Jumapili moja tunatoka nyumbani kuja ibadani, amevaa gauni la bluu, mimi nikasimama njiani mbele ya watu nikasema kwa sauti, "Sasa nina binti!"

Akafurahi mpaka akafunika uso kwa mikono.

Naomba mnielewe hapo. Hilo ndilo lilikuwa neno zuri la kwanza kumwambia mtoto wangu tangu chunusi zianze, na nililisema kwa ajili ya kitu kilichokuwa kinamla. Sikumuuliza umepaka nini. Niliona matokeo, nikatosheka. Naye, baada ya kusikia vile, angeacha vipi? Alikipaka kile kikopo zaidi ya mwaka. Kikiisha anatafuta kingine.

Akamaliza kidato cha nne. Wakati huo mama yangu mzazi alikuwa anaumwa kule Malampaka, na macho yake yalikuwa yameshafunga kabisa, haoni. Binti yangu akajitolea kwenda kumuuguza. Wawili hao walipendana. Alimwogesha, alimlisha uji, alimtoa nje kuota jua. Huko kikopo kikaisha, na hakuna mahali pa kupata kingine. Baada ya siku chache uso ukaanza kuwaka moto. Ukavimba, ukatoka usaha, ngozi ikawa nyembamba mpaka jua la asubuhi likawa linamchoma. Hakutuambia. Alijifunga kitenge kichwani na kuendelea kumhudumia bibi yake.

Kisha mama yangu akafariki.

Nilipofika msibani na ndugu zangu, binti alikuja kunipokea mzigo, kitenge kikateleza. Nikauona ule uso. Na si mimi tu, watu wote pale uani waliuona. Nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Huyo ana ule ugonjwa." Ndugu zangu, badala ya kumuonea huruma mtoto wangu, nilimuonea aibu. Nilimvuta pembeni. Nikamwambia, "Kaa jikoni. Usitoke mpaka watu waondoke."

Akauliza, "Hata kwenye kumuaga bibi?"

Nikasema, "Hata kumuaga."

Alitii. Watoto wa watu walipita mbele ya jeneza, wajukuu ambao hata uji hawakuwahi kumkorogea walipita, wakaweka udongo kaburini. Yeye aliyemwogesha mpaka siku ya mwisho alikuwa amekaa kwenye moshi wa kuni, amegeukia ukuta. Mama yake alikuwa anaingia na kutoka, analia, na watu walidhani anamlilia mkwe wake.

Mnisamehe kidogo. Maji, tafadhali. Asante.

Siku ya tatu wageni wakaondoka. Nikaenda jikoni kumwambia ajiandae tunarudi nyumbani. Alikuwa anasugua sufuria. Hakuinua kichwa. Akasema, "Baba, wiki ile ya mwisho bibi alinishika uso. Alinipapasa hivi, pole pole, mashavu yote mawili. Akaniuliza, 'Ng'wanone, mwanangu, mbona unaumwa hivi? Nani anakuuguza wewe?'"

Akaendelea kusugua.

Akasema, "Nikakosa cha kumjibu."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Mama yangu alikuwa kipofu, tena yuko kitandani anakata roho, na kwa vidole vyake alitambua kitu ambacho mimi mwenye macho mawili mazima nilikitazama miaka mitatu nikaona mimba, nikaona aibu, nikaona kila kitu isipokuwa mtoto mgonjwa. Siku ile ndipo nilipogeuka. Tulipofika nyumbani sikufungua hata mzigo. Kesho yake asubuhi tukaenda hospitali mjini.

Daktari wa ngozi alikuwa mama mtu mzima. Hakushangaa, hakukunja uso. Alivaa miwani, akamsogeza binti dirishani kwenye mwanga, akamkagua muda mrefu. Kisha akanigeukia, "Baba, naomba utupishe kidogo." Nikatoka. Baadaye nilijua alimuuliza maswali ya siku zake, na kama ana mimba. Ndiyo, swali lile lile langu. Ila yeye alimweleza kwanza kwa nini anauliza: zipo dawa za chunusi zinazoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo kila mwanamke huulizwa. Binti akajibu bila kuogopa. Kumbe swali halikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwangu mimi niliyeuliza.

Aliponiita ndani alinieleza kwa lugha ya kawaida kabisa. Alisema ile krimu ya jirani haikuwa mbaya, ni dawa nzuri kwa ngozi ya mafuta yenye vipele vya juu juu, tena mtu huanza kwa kupaka kidogo. Kwa ngozi kavu, kuipaka kila asubuhi na jioni ni kuichoma. Na manundu ya ndani kama yale hayatoki kwa kupaka tu, yanataka na dawa ya kumeza kwa miezi, chini ya uangalizi. Wako wengine, alisema, chunusi zao zinafuata siku za mwezi, hao nao wana njia yao. Na kile kikopo kisicho na maandishi kilikuwa na dawa kali ambayo huandikwa na daktari kwa ugonjwa mwingine na kwa siku chache. Ukiipaka usoni mwaka mzima inapunguza ngozi, na ukiiacha, yote yaliyolala yanaamka kwa hasira.

Akatuonya, "Mtapata wiki ngumu. Itazidi kabla ya kupungua. Msirudi kwenye kikopo."

Akampa sabuni isiyo na ukali, mafuta mepesi ya kulainisha, vidonge, na akamwambia asitoke juani bila kofia pana. Krimu ya chunusi alimpa baadaye kabisa, ngozi ilipopata nguvu, akaanza na siku mbili tu kwa wiki.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi barazani tukingoja dawa. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilianza na ile karatasi ya zahanati, nikaja kwenye krimu, nikaja kwenye yale ya jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, baba."

Hakusema amenisamehe. Alisema amesikia. Nami sikumdai zaidi.

Zile wiki ngumu zilikuwa ngumu kweli. Alijifungia ndani, alivunja kioo, kuna siku alinipigia magoti nimtafutie kile kikopo. Mama yake alilala naye chumba kimoja. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpeleka kliniki kila tarehe, hata msimu wa palizi, na kukaa naye foleni. Mwezi wa tatu manundu mapya yakapungua. Mwezi wa sita hayakutoka tena.

Leo uso wake umetulia. Lakini sitawadanganya kwamba umerudi kama zamani. Vishimo vipo mashavuni, daktari amesema vingine havitaondoka, na jua bado linamsumbua. Anajifunza ushonaji kule Binza, Maswa, anapenda kazi yake. Akija nyumbani ananisalimia vizuri, tunakula pamoja. Ila nikimwambia amependeza, anashtuka, mkono unaenda shavuni. Basi nimeacha kumwambia hivyo. Namuuliza kazi inaendaje. Hilo analijibu.

Na udongo wa kaburi la bibi yake hakuuweka. Hapo hakuna dawa.

Nishukuru. Namshukuru yule daktari aliyemsogeza kwenye mwanga. Namshukuru dada wa duka la dawa. Nilirudi kumuomba radhi, akasema wazee kama mimi anawapata kila siku, tukacheka kwa huzuni. Mama watoto, uliyekuwa unasema nisikusikie, wabeja sana. Na wewe binti yangu, ambaye hukutaka kuja leo, na una haki ya kutokuja, wabeja.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtoto akitoka vipele, usikimbilie dukani na tyubu ya mwenzake, wala usisikilize wanaume kwenye pamba. Keti naye, muulize panauma wapi, tangu lini, anapaka nini. Akikwambia kitu kinaunguza, mwamini. Halafu nendeni wote wawili kwa mtaalamu.

Kama kuna mzazi hapa ambaye mtoto wake anajificha uso nyumbani, na anaona haya kumpeleka, aje aniambie hapo nje tukitoka. Siku za kliniki nazijua, na mlango naujua. Nitawasindikiza, na nitakaa nanyi kwenye foleni mpaka muitwe.