Collins wa Ufunguo

Benchi la mbele ya duka la Nora pale Kilcrahane linatosha watu wanne, lakini wazee watatu wamelijaza miaka kumi na mitano sasa, kila Jumatano baada ya misa ya asubuhi, na chupa kubwa ya chai ya Finbarr na mkate wa soda wa mke wa Donie. Wote watatu ni Collins. Daktari wa mji ni Collins, muuza mbolea ni Collins, na makaburini ukitupa jiwe huna budi kumwomba radhi Collins mmoja. Ndiyo maana kila tawi limepewa jina lake la pembeni, la sivyo barua zisingefika. Finbarr ni Collins wa Kinu, kwa kuwa wazee wake walisaga nafaka. Donie ni Collins Mwekundu, kwa sababu ya nywele, ingawa zake zilishamhama zote. Jerome ni Collins wa Ufunguo. Siku hiyo Jerome alikuwa na karatasi mapajani. Saa sita mchongaji angekuja kuchukua orodha ya akina Collins mashuhuri, ichongwe kwenye jiwe la uwanjani kabla wanaukoo hawajamiminika kutoka ng'ambo mwezi wa nane. Jina la mwisho kwenye karatasi Jerome alikuwa ameliandika mwenyewe, bila kumuuliza mtu.

— Wa kwanza hana ubishi, alisema Finbarr akimimina chai. Michael.

— Michael yupi? aliuliza Donie.

— Yupi tena, wewe! Aliyepigana na Waingereza akauawa bondeni huko. Kwani unamjua Michael mwingine?

— Yupo wa mwezini.

— Huyo hakukanyaga mwezi. Wenzake wawili ndio walioshuka. Yeye alibaki angani analinda chombo.

— Sasa huyo si ndiye Collins hasa! Wenzako wanaingia dansini, wewe unabaki nje na gari. Marehemu baba alifanya hivyo maisha yake yote.

— Aandikwe, alisema Finbarr. Na yule mama, Eileen, asisahauliwe. Mwanamke wa kwanza kuongoza chombo cha Wamarekani huko juu.

— Hao sasa ni wawili wa angani. Mnaona? Collins hawezi kukaa chini.

— Wewe umekaa hapa miaka kumi na mitano.

— Mimi najiandaa na safari, bwana.

Jerome aliandika kimya kimya. Kwa kawaida ndiye aliyewachokoza wenzake. Leo aliwaacha wapayuke, akingoja zamu yake.

— Mpiga ngoma wa Uingereza je? aliuliza Donie. Yule mwenye upara.

— Huyo ni Collins wa Kiingereza. Si damu yetu. Wao walipata jina kivyao, sisi kivyetu.

— Damu gani unayonitajia! Upara ule na huu ni mmoja. Tazama!

Donie akavua kofia. Bibi mmoja aliyekuwa anaingia dukani akafanya ishara ya msalaba.

— Vaa, vaa, utatuletea mvua.

— Na kinywaji? Kile cha pombe ya jin, ndimu na barafu. Ukiagiza Collins popote duniani unaletewa. Kimefurahisha watu kuliko mapadri wote wa ukoo huu.

— Donie, hili ni jiwe la heshima. Si kaunta ya baa.

— Haya, basi nikupe mtakatifu. Wale watawa waliovuka bahari mpaka Marekani kwa mtumbwi wa ngozi, kabla hata ya yule Mtaliano. Unadhani kasia alishika nani?

— Collins, bila shaka.

— Nani mwingine angepiga kasia miezi saba bila kuuliza wanakwenda wapi?

— Na kwenye safina ya Nuhu?

— Safina sina ushahidi, alisema Donie kwa unyenyekevu. Lakini wale ng'ombe lazima kuna mtu aliyekuwa anawazolea mavi.

Finbarr alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Jerome akaona ndio wakati wenyewe. Akakohoa.

— Na Cornelius, alisema. Babu wa baba yangu. Mtunza ufunguo wa kanisa.

Kicheko kikakatika. Finbarr alijifuta suruali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji chai iliyomwagika.

— Mwandike, alisema mwishowe, kwa upole.

— Mwandike, Jerome, alisema Donie. Hata hakutia mzaha.

Upole huo ulimchoma Jerome kuliko matusi. Alikuwa amejiandaa kubishana, na hakupata wa kubishana naye. Maana Cornelius hakuwahi kushika ufunguo wa kanisa lolote. Baba yake Jerome ndiye aliyeitunga hadithi hiyo, na ndiye aliyeitungua siku tatu kabla hajafa. Mwaka ule wa kufukuzwa wapangaji walioshindwa kulipa kodi, wakala wa mwenye ardhi aliwatoa nje majirani zao, akina Collins wa Nguzo, na watoto watano. Parokia nzima ilikuwa imeapa kwamba nyumba ya aliyefukuzwa haitaguswa na mtu, ibaki na nyasi zake mpaka wenyewe warudi. Cornelius naye aliapa, mkono juu. Wiki ya tatu akaenda kwa wakala asubuhi na mapema, akarudi na ufunguo wa nyumba yao. Miaka tisa hakuna aliyemuuzia hata chumvi. Mhunzi alikataa kumpigia farasi wake viatu, na kanisani akiketi, benchi zima lilisimama likahama. Baadaye watu walikufa, hasira ikafa nao, likabaki jina. Jerome alilala katika nyumba hiyo miaka sabini na minne, na aliamini ni yeye peke yake mjini aliyebaki anajua.

Hapo gari la kukodi likasimama, akashuka mama mmoja wa makamo aliyevaa koti la mvua la manjano.

— Samahani, akina baba. Nimeambiwa akina Collins nitawapata hapa.

— Mama, alisema Donie, hapa tatizo ni kuwakosa.

Mama akacheka. Aliitwa Loretta, naye ni Collins, kutoka Butte huko Marekani, ambako babu zake walichimba shaba. Alijua mwezi wa nane kuna mkusanyiko, ila ruhusa ya kazini aliipata sasa. Finbarr alimpa kikombe, Donie akamkatia mkate, akampa na habari za mtumbwi wa ngozi, na mama akazipokea kwa furaha zote.

— Na ninyi ni Collins gani? aliuliza Finbarr.

— Bibi yangu alisema sisi ni wa Nguzo.

Donie, ambaye hakuna aliyewahi kumnyamazisha, akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Finbarr alitazama ndani ya kikombe chake. Hakuna aliyemtazama Jerome, na kwa kutotazamwa huko Jerome akaelewa. Walijua. Walijua tangu siku ya kwanza kwenye benchi hilo, na walimsogezea chai, wakaisikiliza hadithi ya kanisa mara mia bila hata kukonyezana.

— Bibi alikuwa na miaka mitano walipotolewa, aliendelea Loretta. Alinisimulia mpaka nikaijua nyumba. Iko chini ya kilima, getini kuna nguzo mbili za mawe, na moja imeinama kidogo. Sitaki kitu. Nataka kusimama pale tu nipige picha. Nani anakaa pale sasa? Isije nikaingia kwa watu bila hodi.

Gari lilipita. Nora alitoa kichwa mlangoni, akakirudisha.

— Mimi, alisema Jerome. Nguzo bado imeinama. Naisimamisha kila mwaka, inarudi vilevile.

Loretta aliweka kikombe chini, akamkumbatia kwa nguvu, koti la manjano likapiga kelele.

— Kumbe haikutoka kwenye ukoo! Bibi angefurahi sana. Aliambiwa eti ilichukuliwa na watu wabaya. Kumbe ni Collins, ndugu yetu!

Jerome alisimama ndani ya kumbatio hilo, mikono imening'inia. Alitamani Loretta amtukane, au amzabe kibao, chochote kuliko hayo.

— Sasa niambie, alisema Loretta akimshika mabega, macho yakimng'aa. Nyumba ilifikaje kwenu?

Finbarr alinyanyua chupa haraka.

— Chai, mama? Ongeza chai.

Akaiinamisha. Kilitoka kitone kimoja. Alimtazama Donie, mtu aliyekuwa na majibu mpaka ya safina, na Donie alikuwa bado kwenye viatu vyake.

— Jerome, alinong'ona Finbarr. Kanisa. Sema ile ya kanisa.

Gari la mchongaji lilikuwa linakata kona ya uwanja. Jerome alichukua kalamu, akamfuta Cornelius kwa mistari miwili iliyotoboa karatasi, akampa Finbarr.

— Mpelekee.

Kisha akaketi, akasogea pembeni, akafuta kwa mkono wake nafasi ile ya nne.

— Keti, Loretta, alisema. Usinishike mkono kwanza. Ngoja nimalize kusimulia.