Keti Kwanza, Mji wa Mama Pipa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama aliyeupa mji jina, na mji huo ukanyang'anywa jina lake mchana kweupe. Mama Pipa ametutoka. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Mama Pipa wa Keti Kwanza ametutoka, na tumemzika Jumamosi.

Ndiyo, Keti Kwanza. Najua ukipita pale leo utaona kibao kikubwa cha chuma, kimeandikwa MAENDELEO. Kibao hicho nakijua. Siku kinasimamishwa nilikuwepo, na mimi si mtu wa kusahau. Tutafika huko.

Zamani pale palikuwa na mlima, barabara ya vumbi na nyumba moja. Nyumba ya bibi harusi aliyeolewa na utingo, yaani msaidizi wa dereva wa lori. Siku moja lori la mumewe likachemsha kileleni, mbele ya mlango wake mwenyewe. Dereva akafoka: "Fungua hiyo rejeta, tumechelewa!" Mume akatii. Akafungua kifuniko na injini bado inatokota. Mvuke ukamrukia usoni. Wasikilizaji, mwanamume yule hakuona tena maisha yake yote.

Na lori? Lori lilitiwa maji likaendelea na safari. Mzigo ulifika.

Mkewe akatafuta pipa. Akaliweka chumbani, akatia kufuli, ufunguo akaufunga kiunoni. Kila asubuhi aliteremka mtoni na madumu, akapanda nayo, akalijaza. Gari likichemsha, dereva alimkimbilia. "Mama, maji!" Naye jibu lake lilikuwa lile lile: "Keti kwanza." Hata ungekuwa umembeba nani, unaonyeshwa benchi, unaketi kando ya mumewe. Yeye anakwenda kulaza kiganja juu ya boneti. Kiganja kikiruka, bado. Kikitulia, ndipo kufuli linafunguliwa.

Binti yake, fundi cherehani, aliniambia hivi: "Baba alikuwa haoni, lakini masikio, usiseme! Akisikia nyayo zinasogelea gari, anauliza, 'Nani huyo kasimama?' Wanaume wazima, na masharubu yao, wanarudi benchini kama watoto wa shule. Mama anacheka mpaka anashika mbavu."

Sasa, mtu aliyeketi husikia kiu. Husikia njaa. Akaja mpika chai. Akaja wa kuziba matairi. Kinyozi naye akaja, akatundika kioo chake ukutani, maana kichwa kisicho na kazi kinanyoleka vizuri. Zikafuata nyumba, shule, zahanati. Mji mzima, wasikilizaji wapendwa, ulizaliwa na watu waliokuwa wanangoja injini ipoe. Makondakta ndio walioubatiza: "Wa Keti Kwanza, shukeni!" Hakuna kamati iliyokaa.

Kamati ilikuja baadaye. Wakubwa huwa hawaoni mahali mpaka pawe na kitu cha kubandika jina. Wakaitisha mkutano uwanjani. Ofisa mmoja, nyuma ya meza yenye kitambaa, akasema jina letu linatia aibu. Wageni watadhani watu wa pale kazi yao ni kukaa.

Mama Pipa akainuka. "Baba, katika mkutano huu wote mimi nimesimama. Aliyekaa ni nani?"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Kinyozi aliangusha kofia yake. Lakini mama hakucheka. Alisubiri tunyamaze, akasema taratibu: "Jina hili si la uvivu. Ni uso wa baba wa watoto wangu. Sisi hatutaishi milele. Mkiliondoa, dereva mgeni atajuaje?"

Ofisa akajibu, "Tumekusikia, mama."

Tumekusikia! Neno hilo nimelisikia katika mikutano mingi kiasi kwamba najua linapotamkwa: wanapokuwa wameshakunja makaratasi. Kibao kikaja hata mwezi haujaisha. Na mpaka leo ninavyozungumza nanyi, mji wa Maendeleo hauna bomba hata moja. Maendeleo yapo kwenye chuma. Maji yapo kwenye pipa la mama.

Mumewe akafariki. Mama Pipa akazeeka. Alichotaka ni kimoja tu: kibao kile king'olewe akiwa hai. Kila ofisa mpya aliyeletwa, mama alimwendea ofisini. Kila ofisa mpya alimsikia.

Binti yake anasimulia siku za mwisho hospitalini. "Aliniuliza, 'Kibao bado kipo?' Nikashindwa kumdanganya. Nikasema, 'Kipo, mama.' Akasema, 'Basi waambieni kwa mdomo. Msichoke kuwaambia.'"

Jumamosi tulikwenda kumchukua. Gari la kukodi, dereva mgeni kabisa. Tukaupanda mlima. Na pale kileleni, chini ya kibao kile kile, gari likachemsha.

Dereva akaruka chini, kitambaa mkononi, anakwenda moja kwa moja kwenye rejeta. Binti akamwahi.

"Keti kwanza, kaka."

"Dada, watu wanangoja makaburini!"

"Aliyemo ndani ya jeneza ndiye anayekuambia. Keti."

Dereva akatazama juu. "Kwani hapa si Maendeleo? Kibao kinasema..."

Kinyozi, mzee sasa, akamjibu: "Mwanangu, kibao hakijawahi kuungua."

Akaketi. Tukaketi sote, ukingoni mwa barabara, na nguo zetu za msiba. Mama Pipa akatungoja ndani ya gari. Binti akalaza kiganja juu ya boneti. Kikaruka. Tukangoja. Akalaza tena. Kikatulia. Akafungua ufunguo kiunoni, akaenda chumbani kwa mama yake kuchota maji.

Mama Pipa alifika kaburini amechelewa, na hakuna aliyeungua.

Kwako binti yake, kwa wajukuu na kwa wote waliowahi kukalia benchi lile: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe msikilizaji mpendwa, hapo unapoishi panaitwaje? Nani alipaita hivyo, na aliumia nini? Uliza leo, wanaojua wangali wanakula ugali wao.

Na ukiupanda mlima ule gari likakuchemkia, usisome kibao. Keti kwanza.