Tela Lililotusukuma Mteremkoni

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, hamjambo. Mwenyekiti amenipa nafasi nisimame kabla hamjaamua habari ya lile tela mnalotaka kulinunua kwa ajili ya mahindi na katani zenu. Mtanisamehe nikitembeatembea hapa mbele. Habari hii siwezi kuisimulia nimesimama mahali pamoja.

Baba yangu aliteremka kutoka Usambara kuja kukata mkonge, na mimi nikakulia kambini. Nikajifunza udereva huko huko shambani, nikaendesha magari ya watu miaka mingi, mpaka baada ya vita nikapata lori langu mwenyewe. Lori zuri, halijanitesa. Nilibeba marobota ya katani kutoka kwa wakulima wadogo upande wa Muheza mpaka bandarini Tanga. Safari moja kwa siku, nikarudi Mabawa nyumbani kula chakula cha mke wangu.

Lakini, ndugu zangu, nawaambia kweli, sikutosheka. Kila lori lililonipita likiwa na tela nyuma lilinichoma moyo. Nikawa nahesabu: huyu anabeba mara mbili yangu kwa safari ile ile moja. Nikaanza kutafuta tela. Nikalipata, lilikuwa la jeshi wakati wa vita, refu, pana, mbao zake nene. Nilipoliona tu nikalipenda.

Nilikuwa na fundi mmoja pale Nguvumali, mtu mtaratibu sana. Alilala chini ya tela lile, akatoka na mafuta usoni, akasema, "Breki zake zimekufa. Halafu lenyewe tupu ni zito. Ukilijaza, lori lako halina nguvu ya kulizuia."

Nikamwambia, "Lori langu lina breki nzuri."

Akasema, "Zina nguvu ya kusimamisha lori lako. Hili la nyuma nani atalisimamisha?"

Mpira wa breki unaotoka kwenye lori kwenda kwenye tela nikaufunga kwa waya ili uonekane umeunganishwa, nikaenda zangu. Uzito uliokuwa umeandikwa ubavuni mwa tela nikaupaka rangi juu yake.

Basi nikaanza kazi. Na tangu siku ile sikupata raha. Mizani ya magari barabarani nilikuwa naikwepa kwa kupita njia za mashambani, katikati ya mikonge, nikitokea Pongwe. Askari akisimama barabarani mbali kule, mimi tayari jasho. Nikawa naangalia kioo kuliko barabara. Nyumbani nakula nimesimama. Mke wangu akawa ananiambia, "Baba watoto, kaa ule." Namjibu nina haraka. Haraka ya kwenda wapi? Hata mimi sikujua.

Siku ya ajali ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Nilikuwa na mpakiaji wangu, mzee mmoja Mdigo, mtu mzima mwenye wajukuu, mpole, mwenye nguvu za ajabu. Turubai la tela likawa linapeperuka. Nikasimama nikamwambia, "Mzee, panda huko nyuma ulikalie lile turubai, tusilowanishe katani za watu." Akanitazama, akatazama mzigo ulivyopanda juu. Akasema, "Huko juu, mwanangu?" Nikasema, "Si mbali." Akapanda.

Tukafika kwenye mteremko ule wa kabla ya daraja. Nikakanyaga breki, lori likashika. Tela halikushika. Nilisikia kishindo mgongoni, kama mtu ananisukuma kwa mikono miwili. Nikageuza usukani, tela likaja ubavuni mwangu, naliona kwenye dirisha, linataka kunipita! Likapinduka. Marobota yakaporomoka yote bondeni. Na yule mzee chini yake.

Mguu wake wa kulia ulikatwa hospitali.

Sasa hapa ndipo ninapoona haya, wazee wangu, nisaidieni nipite. Nilipoulizwa na polisi, nilisema mpira wa breki ulikatika palepale tulipoanguka. Nikasema tena mbele ya hakimu kwamba yule mzee alipanda juu ya mzigo kwa ujinga wake, mimi sikumruhusu. Yeye alikuwa kitandani, hakuwepo wa kunibishia. Hakimu akanifungia leseni mwaka mzima kwa kuzidisha mzigo. Wenzangu wakanipa pole. Wakasema nina bahati.

Bahati! Sikukaa mahali. Asubuhi natoka Mabawa kwa miguu, nafika Nguvumali, narudi, naenda stesheni, narudi, siku nyingine najikuta Pongwe na sikumbuki nilikopita. Nilibeba mizigo bandarini siku tatu nikaacha. Nilikata mkonge juma moja nikaacha. Nikanywa tembo la mnazi, nikaliacha, nikalirudia. Hospitali nilikwenda mara moja. Nikaweka machungwa mlangoni mwa wodi, nikamsikia anaongea ndani, nikakimbia.

Miezi ikapita. Siku moja narudi nyumbani, namkuta yule mzee amekaa barazani kwangu, magongo yake mawili yameegemea ukutani. Mke wangu yuko karibu naye, kichwa ameinamisha.

Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkeo anasema hukai."

"Shughuli nyingi, mzee."

"Shughuli zipi? Mwenye mguu mmoja ni mimi, na wewe ndiye unayekimbia." Hakusema kwa ukali. Akaendelea, "Nimekuja kukuuliza neno moja. Mke wangu na wanangu wananilaumu, wanasema nilipanda juu ya mzigo mwenyewe, mtu mzima ovyo. Wamesikia umesema hivyo. Mimi nakumbuka uliniambia nipande. Lakini niliumwa sana, homa ilikuwa kali, huenda kichwa kimenichanganya. Nataka kujua tu kama kichwa changu ni kizima. Uliniambia, au hukuniambia?"

Ndugu zangu, mtu yule hakuja kudai mguu. Alikuja kuomba akili yake. Nilikuwa nimemnyang'anya na hiyo.

Nilitazama barabarani. Miguu ilitaka kwenda. Mke wangu akaniinulia macho. Ndipo nikasema, "Nilikuambia. Na breki za tela nilijua zimekufa. Fundi aliniambia."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. Akasema, "Alhamdulillahi. Basi mimi si mwendawazimu." Kisha akanionyesha nafasi pale barazani. "Sasa kaa."

Nikakaa. Nikalia.

Kesho yake nilikwenda naye kwake, nikayasema yale yale mbele ya mkewe na wanawe. Mkewe aliondoka akaingia ndani, na ilikuwa haki yake. Nikatoka hapo nikaenda kwa mkaguzi wa magari, nikasema. Nikarudishwa kwa hakimu, nikafungwa miezi minne. Mtashangaa nikiwaambia kwamba gerezani nililala usingizi wa kweli.

Nilipotoka, lori sina tena, bwana mmoja Mwarabu, mwenye mashamba ya minazi, alinipa kazi ya kuendesha gari lake la nazi. Leseni ilikuwa imerudi. Aliniambia, "Nimesikia uliyoyafanya, ya kwanza na ya mwisho. Nakupa usukani kwa sababu ya haya ya mwisho." Baadaye akataka kununua lori jipya na tela, akaniachia nichague. Nikasema sichagui peke yangu. Nikamchukua fundi, na nikaenda kumwomba yule mzee.

Muuzaji alitupeleka kwenye tela moja refu, limepakwa rangi, linang'aa. Nawaambieni, moyo ule wa zamani ukaruka! Mzee akaligonga kwa gongo lake akauliza, "Tupu lina uzito gani?" Muuzaji hakujua. "Lori hili limeruhusiwa kuvuta kiasi gani?" Akasema linavuta chochote. Mzee akacheka, "Kuvuta najua. Mimi nauliza kuzuia." Tukaondoka. Tukachukua fupi, lenye breki zake zenyewe na mnyororo wa pili wa kulishika likichomoka, na kabla ya kulikubali tulilipeleka kwa mkaguzi, tukalipitisha mizani likiwa tupu, kisha na mzigo. Linabeba kidogo kuliko lile refu. Ni kweli. Ndilo ninaloendesha mpaka leo.

Namshukuru fundi, ambaye hakuwahi kunikumbusha kwamba aliniambia. Namshukuru bwana wangu. Namshukuru mke wangu, aliyevumilia mume asiyekaa. Yule mzee nimemwomba aje hapa, akasema yeye hana la kuhutubia. Mkewe sasa hupokea salamu zangu. Hilo linanitosha, namshukuru Mungu.

Nasikia tela mnalouziwa lina maandishi yaliyofutwa ubavuni. Mimi sijaliona, sitawaambia mkatae. Ila mtu akiwaambia litabeba mavuno yote kwa safari moja, mwambieni alipeleke kwanza kwenye mizani na kwa mkaguzi, mchana, mkiwepo. Na mimi, kabla ya kila mteremko nasimama. Nashuka, nazunguka, nagusa kila gurudumu pale katikati zilipo breki. Mkono wangu ukiungua, najua breki hazitashika, siteremki. Meli na ingoje, mwenye mzigo na afoke, mvua na inyeshe. Nakaa pale juu mpaka lipoe.