Aliyelipima Jiko la Mama Yake: Edilberto Ñaupari Lazo, 1971–2023

Tunayemzika leo ni mdogo wangu Edilberto. Mimi ni Nélida, dada yake mkubwa. Mama ameniomba nisome mazuri yake, nami nitayasoma. Ila sitasoma hayo peke yake, maana wengi mlioketi hapa mnajua yaliyotokea, na kaburini si mahali pa kudanganyana.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Huasahuasi, kwenye milima ya Peru, mtoto wa pili wa hayati Celedonio Ñaupari, mkulima wa viazi, na Mama Honorata Lazo. Alianza kupima mapema. Kila Jumapili alichukua uzi wa sufu wa Mama na kuwazungushia kondoo kifuani aone nani ananenepa, kwa sababu asiyenenepa aliuzwa. Kondoo mmoja tuliyemwita Manchita alibaki mbavu tupu, na Edi alimpenda huyo kuliko wote. Baba akiuliza, yeye alimjibu, "Huyu anaongezeka, Baba, we subiri tu." Manchita alijifia kwa uzee.

Mwaka 1983 tulihamia Lima, kwenye vilima vya Villa María del Triunfo. Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1988, na chuo kikuu mwaka 1995 akiwa na shahada ya uchumi. Miaka yote hiyo alikula katika Jiko la Loma Alta, ambako Mama na wenzake walipika kwa zamu katika sufuria moja kubwa. Mwenye uwezo alilipa kidogo; mgonjwa na mzee asiye na mtu walipewa bure.

Alimwoa Gladys Urco tarehe 6 Novemba 1999, wakajaliwa binti mmoja, Fiorella. Alikuwa mume mpole na baba asiyepaza sauti. Hilo nalisema bila kinyongo.

Kazi yake ilikuwa kupima faida ya misaada. Shirika likitoa soli moja ya fedha, yeye alitafuta jamii imevuna nini. Alijumlisha mema yote, kisha akatoa yale ambayo yangetokea hata kama shirika lisingekuwepo. Alisifiwa kwa uaminifu wake. Mwezi Julai 2014 shirika lililokuwa likililipia Jiko la Loma Alta gesi na mafuta lilitaka jiko hilo lipimwe, na ofisi yake ikamtuma yeye, kwa kuwa alikijua kilima. Angeweza kukataa. Hakukataa.

Alikuja na wageni wawili. Mama alivaa sketi yake mpya, akawapakulia patasca, supu nzito ya mahindi, yenye nyama ambayo sisi tungeila kwa wiki nzima. Edi akauliza, "Jiko hili lisingekuwepo, mngekula nini?"

"Tungekula majumbani kwetu, mwanangu," Mama akajibu. "Kwani wewe uliyelelewa humu ulilala njaa lini?"

"Mwambie, shoga!" wenzake wakacheka. "Asituaibishe mbele ya watu!"

Sisi watu wa milimani hatumwonyeshi mgeni sufuria tupu. Edi alilijua hilo tangu akiwa mgongoni mwa Mama. Nilimvuta kando nikamwambia, "Edi, unajua kabisa hayo ni maneno ya kuwapa wageni."

"Dada, mimi naandika ninachoambiwa. Nikiandika ninachokijua, hapo sijapima."

"Mbona kwa kondoo yule ulimdanganya Baba, we mtoto!"

"Nilikuwa mdogo, dada."

Akaandika kwamba chakula kingepatikana tu, jiko liwepo lisiwepo, na kwamba sahani za wazee hazikuwa na faida ya baadaye. Desemba msaada ukakatwa. Ilipofika Pasaka, jiko likafungwa. Mzee Fortunato, fundi viatu aliyepooza miguu, ambaye sahani yake ilipelekwa hadi kitandani, alichukuliwa na mpwa asiyemtaka. Alikufa kabla baridi haijaisha. Mama alipoelezwa sababu ya kufungwa, alisema, "Sasa ningesemaje? Kwamba tunakufa njaa? Mbele ya watu wa watu?" Hakupika nje ya nyumba yake tena.

Mwaka 2021 figo za marehemu zilishindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wanawake wa Loma Alta walipanga zamu, wakampelekea supu, wengine wakiwa wazee kumzidi Mama. Alipiga simu ofisini kuomba jiko lipimwe upya. Wakamjibu kwa adabu kwamba mradi ule ulishafungwa. Siku moja alimwuliza Mama mbele yangu, "Mbona hukuniambia ukweli siku ile, Mama?"

"Ulikuwa unaujua," Mama akasema. "Kula, inapoa."

Akala huku machozi yanamtoka. Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 9 Julai 2023.

Ameacha mama yake Honorata, mjane wake Gladys, binti yake Fiorella, nami dada yake. Ameacha pia wanawake kumi na mmoja wa Loma Alta, ambao tangu jana wako jikoni kwa Mama wakiwapikia ninyi mliokuja kumzika.

Mungu ampe pumziko jema, kwa kuwa Yeye anaweza kusamehe siku hiyo hiyo. Mimi bado sijaweza, Edi. Nitakulilia hivyo hivyo.