Christabel Nanzala, Aliyekesha na Wote

Ndugu, jamaa na majirani, familia ya Mzee Lawrence Murunga wa mtaa wa West Indies hapa Eldoret inawaomba mtulie kidogo msikie habari za mkewe, kabla hatujaanza safari ya kumpeleka Malava kwa mazishi.

Christabel Nanzala alizaliwa Malava tarehe 14 Machi 1948, akasoma huko huko hadi darasa la saba, na mwaka 1967 akaja Eldoret kwa shangazi yake, akapata kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo, akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2003. Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa kanisani na Lawrence, wakati huo karani, wakajaliwa watoto wawili, Dennis na Lynette, ambao kazi iliwapeleka mbali.

Wengi wenu mlimjua matangani. Penye kesha alivuta kiti hadi kando ya jeneza, akajifunga leso, akaanzisha wimbo, na hata watu walipoenda kunywa chai yeye hakubanduka, kwa kuwa hakutaka marehemu yeyote aachwe peke yake.

Mwaka 2019 alianza kusahau, hadi akawa hamtambui hata mumewe, na usingizi nao ukamtoroka. Mzee alikuwa akishtuka usiku na kumkuta ameketi kando ya kitanda, amemshika mkono, anamwimbia wimbo wa kuaga wafu, naye Mzee anamwambia, "Mama, niko hai, lala basi." Mwanzoni tulicheka. Alipoanza kufungua geti usiku kwenda kutafuta matanga, kicheko kilikwisha, na Februari 2022 akapelekwa makao ya wazee huko njia ya Kaptagat.

Huko nako, kila aliyelala alimhesabu maiti, akamkesha jirani yake wa kitanda cha pili, Mama Selpha, mpaka huyo mama akalalamika kwamba amechoka kuzikwa kila siku. Akapewa dawa ya usingizi, lakini ikawa inamlaza hadi mchana, hivyo kila Jumatano Mzee alipoenda kumtazama alimkuta amelala, akaketi naye hadi jioni, akarudi West Indies kwenye kitanda kilichomzidi ukubwa, bila kuitwa hata jina. Alichotaka ni hicho tu, aitwe jina.

Jumatano moja mwezi wa Machi mwaka huu, 2025, Mzee mwenyewe alisinzia kitini, akaamshwa na wimbo. Nanzala alikuwa macho, amemshika mkono, anamkesha, anamwita Lawrence, anamwambia alikuwa mume mwema na aende salama. Mzee hakufumbua macho, maana alijua akiyafumbua atakuwa mgeni tena kwa mkewe. Alikaa hivyo, akalia kimya kimya, mpaka wimbo ukaisha.

Mwezi wa Mei Nanzala alishikwa na nimonia, na Ijumaa tarehe 9, saa saba mchana, alituacha, huku waliopita karibu wakidhani amelala kama kawaida. Hakuna aliyekuwa kando yake, na hilo linamuuma Mzee sana.

Tunawashukuru madaktari, wahudumu wa makao, Mama Selpha aliyefika hapa kwa mkongojo, wenzake wa kiwandani, na ninyi majirani mliokesha nasi jana. Mzee alikataa kwenda kulala. Alivuta kiti hadi kando ya jeneza, akamwimbia mkewe mpaka kukapambazuka, na chai yake ikapoa mezani.

Hukuachwa peke yako, Nanzala. Lala sasa, kwa amani.