Marcella Ciakuthii, Mshauri wa Wenye Maduka wa Ishiara

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemzika leo ni Marcella Ciakuthii. Alizaliwa karibu na Siakago mwaka wa 1911, mtoto wa pili wa Mzee Njeru. Alianza kuongea mapema, na tangu hapo wazazi wake walikata tamaa ya kumnyamazisha.

Alisoma kwa wamisionari miaka mitatu, akabatizwa. Mwaka wa 1931 aliolewa na Kivuti, mtu mpole aliyependa kumsikiliza, wakaishi kwa furaha. Mungu hakuwajalia mtoto.

Mwaka wa 1938 aliajiriwa katika duka la nguo hapa Ishiara. Muda si muda wenye maduka wengine wakawa wanamjia kwa ushauri: waseme nini bei ikipanda, wamjibu vipi mteja aliyekuja amefura kwa hasira. Aliwaambia wote vilevile, kwamba mwenye kosa awe wa kwanza kulitangaza.

Mwaka wa 1954, Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ikiwa imepamba moto, watoto kadhaa walitapika baada ya kula unga uliosagwa kwa mashine ya kaka yake, Njuki. Soko zima likasema ni sumu, na siku hizo neno kama hilo lilitosha kumpeleka mtu kizuizini. Njuki alijifungia ndani.

"Wewe Njuki, fungua hiyo mlango," Marcella alimwambia. "Ukinyamaza hivyo, watu watakusemea."

Walipokagua mashine, wakakuta dizeli inavujia kwenye unga. Njuki akataka kuita watu awaeleze, lakini mikutano ilikuwa marufuku bila kibali.

"Foleni ya unga haitaki kibali," Marcella alisema.

Basi Njuki akapita kwenye foleni, akianza na mama za wale watoto, akimwambia kila mmoja, "Ni dizeli. Kosa ni langu. Nisamehe." Marcella alikuwa nyuma yake, akimfinya kila alipoanza kujitetea. Watu walicheka, wakasamehe, na mashine inasaga hadi leo.

Februari mwaka huu tumbo lake lilianza kuvimba. Daktari wa Embu alisema ni kansa, tena isiyo na dawa. Igoki, mke wa Njuki, alimchukua nyumbani kwake, akampikia uji na kumwosha. Yaliyosemwa sokoni, kwamba uji huo una sumu, tunayajua sote. Marcella aliyasikia, yakamuuma kuliko ugonjwa. Akatuita.

"Kwa mazishi yangu watu watakuwa wengi, na chifu atakuwa ameruhusu," alisema. "Semeni wazi kitu imeniua. Msimwachie Igoki huu mzigo."

Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1959, alfajiri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Igoki. Aliuawa na kansa ya tumbo. Kwa miezi sita alikula chakula cha mkono wa Igoki, na hakuna mkono uliompenda zaidi.

Ameacha mume wake, Kivuti, aliyekamatwa katika Hali hiyo ya Hatari na bado yuko kizuizini; tunamwombea arudi salama. Kaka yake, Njuki. Na wifi yake, Igoki.

Marehemu aliomba Igoki atie udongo wa kwanza. Mama, sogea mbele, watu watakupisha.

Pumzika kwa amani, Marcella. Tumeshasema.