Lu Huan, Aliyepewa Jina la Pete ya Kurudishwa

Marehemu Lu Huan alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 mjini Shexian, mkoa wa Anhui, mtoto pekee wa Mwalimu Lu Jingzhai na Bi Cheng Xiulan. Baba hakuwepo. Miezi mitatu kabla, kwa neno moja alilolisema mkutanoni, alipelekwa kwenye shamba la adhabu kaskazini-magharibi. Jina la mwanawe alilituma kwa barua: Huan, herufi ya pete ya jiwe la kijani. Katika maandiko ya kale aliyoyafundisha, mtumishi aliyefukuzwa na mfalme alikaa mpakani akingoja. Akiletewa pete iliyokatwa, hana kwao tena. Akiletewa pete nzima, huan, arudi nyumbani.

Mwalimu alikufa huko kwa njaa mwaka 1960. Mama alimficha binti yake habari hiyo kwa miaka kumi. Shuleni wenzake wakimtania, “We Pete, babako kashafika?” Huan alijibu, “Yuko njiani, anakuja kwa miguu.” Alipoambiwa ukweli, aliacha shule.

Mwaka 1975 aliajiriwa kiwanda cha wino, chumba cha masizi ya msonobari yanayotengenezewa wino, akakaa humo miaka ishirini na minane. Mwaka 1979 aliitwa ofisini akapewa karatasi yenye muhuri: baba yake hakuwa na kosa.

“Na mwenyewe je?” aliuliza.

“Dada, kilichorudi ni hicho,” karani akamwambia.

Tarehe 2 Oktoba 1983 aliolewa na Bwana Wang Deshun, seremala. Miaka mitatu baadaye alipanda treni, siku tatu njiani, kwenda kuitafuta mifupa ya baba. Makaburi yalikuwa yamesawazishwa, pamba imepandwa juu. Mlinzi mmoja mzee alimhurumia: “Chota udongo basi, binti yangu. Wengine hufanya hivyo.”

“Udongo wa nani, babu?”

Alirudi mikono mitupu.

Binti yao alipozaliwa mwaka 1988, Bwana Wang alitaka jina zuri la vitabuni. Marehemu alikataa katakata. “Mwandike Yi. Herufi ya mstari mmoja tu, maana yake ‘moja’, basi. Hilo halimwahidi mtu kitu.”

Mwaka 2011 masizi yalimkamata kifua. Tulipomsihi tumpeleke hospitali ya mkoa alicheka mpaka akakohoa: “Mapafu haya ni mali ya kiwanda. Waje wayachukue.” Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Ameacha binti, Wang Yi, anayesoma haya, mkwe, Hu Zhenbang, mjukuu mmoja, na mumewe, Bwana Wang, ambaye kumbukumbu zimemtoka. Kila asubuhi huuliza mkewe amekwenda wapi. Tunamwambia, naye hulia kama mtu aliyepata habari sasa hivi.

Mama, lala. Ardhi ya Shexian ikupokee kwa upole.